MAFUNZO YA JIOGRAFIA NJE YA DARASA: Yanayopatikana Dodoma na Uwanda wa Kati

Ukurasa huu unaeleza, kwa faida ya wazazi, walimu na watumishi wa Serikali, namna mwanafunzi wa jiografia anavyoweza kujifunza nje ya darasa, na kwa nini Dodoma pamoja na uwanda wa kati wa Tanzania ni mahali panapofaa sana kwa jambo hilo. Maelezo haya yametolewa kwa kuzingatia kwamba safari ya wanafunzi mara nyingi huchukuliwa kuwa ni mapumziko tu, na fedha zinazoombwa kwa ajili yake huwa za mwanzo kukatwa pale mfuko wa skuli unapopungua. Hali hiyo hutokana na kutofahamika vyema kazi inayofanywa na safari yenyewe.

Jiografia ni somo la vitu vinavyoonekana: mvua, mito, udongo, mimea, mashamba na miji. Hata hivyo, mwanafunzi wa sekondari hukutana na vitu hivyo kwanza kwenye kitabu, na kwa lugha ya Kiingereza. Anaweza kukariri maana ya mmomonyoko wa ardhi, akaiandika vizuri katika mtihani, na bado asitambue kwamba korongo lililo nyuma ya nyumba yao ndilo jambo lenyewe. Mafunzo ya nje hukutanisha neno la kitabuni na kitu chenyewe, pamoja na jina ambalo wenyeji wamekipa kitu hicho tangu zamani.

Maana ya mafunzo ya nje

Inafaa ieleweke kwamba si kila safari ya wanafunzi ni mafunzo. Safari isiyo na swali ni matembezi, na wahenga wamesema mtembezi hula miguu yake. Mafunzo ya nje yana sehemu tatu. Ya kwanza ni swali, ambalo huandaliwa darasani kabla ya kuondoka. Ya pili ni kipimo, yaani kuhesabu, kupima, kuchora na kuuliza, kila jambo likiandikwa papo hapo kwenye daftari. Ya tatu ni hesabu ya mwisho, pale wanafunzi wanaporejea darasani, wakatengeneza majedwali na ramani zao, wakaamua kama swali limejibiwa au la. Sehemu moja ikikosekana, gharama ya safari imepotea.

Kwa mfano, swali la "Dodoma pakoje?" halipimiki. Swali la "Kwa nini nyumba za asili za Wagogo zina paa la udongo lililo bapa, na nyumba za pwani zina paa la makuti lililoinama?" linapimika. Mwanafunzi atapima mwinamo wa mapaa, atauliza mvua hunyesha kiasi gani na kwa miezi mingapi, na atatambua kwamba tembe la Mgogo, ambalo hutunza ubaridi mchana na joto usiku, linafaa mahali penye mvua chache. Tembe hilo likijengwa Unguja lingelowa na kuporomoka katika masika ya kwanza. Kwa swali moja mwanafunzi amejifunza hali ya hewa, vifaa vya ujenzi na maisha ya watu.

Kwa nini Dodoma

Mji wa Dodoma uko katika kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwanafunzi wa visiwani, ambako hapana kilima kinachofikia mita 200, kimo hicho peke yake ni somo. Kwa kawaida joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na ndiyo maana usiku wa Juni na Julai hapo Dodoma joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14, ingawa mchana jua ni kali.

Mvua ya Dodoma ni kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Disemba na Aprili. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600, na misimu yake ni miwili, masika na vuli. Tofauti hiyo ina sababu zake. Pepo za kusini-mashariki zinazotoka baharini hukutana kwanza na milima ya mashariki, ikiwemo Uluguru, Ukaguru na Rubeho. Huko hupanda, hupoa na kuacha sehemu kubwa ya unyevu wake. Zinapofika Ugogo ni kavu. Aidha, jua na upepo wa uwanda huo vingeweza kuvukiza maji mengi zaidi kuliko mvua inayonyesha, mara kadhaa kwa mwaka. Kwa hiyo tatizo la Dodoma si uchache wa mvua peke yake, bali pia wepesi wa maji hayo kupotea.

Miamba nayo inatofautiana. Sehemu kubwa ya Unguja, khasa mashariki na kusini, ni mawe ya matumbawe, ardhi ambayo wenyeji wa kisiwa huiita uwanda au maweni. Kwa umri wa dunia, mawe hayo ni machanga. Uwanda wa kati wa bara ni kitu kingine kabisa, ingawa neno ni moja. Huo ni ardhi pana iliyoinuka, na chini yake mna mawe magumu ya matale yenye umri unaozidi miaka milioni 2,500, miongoni mwa mawe ya kale kabisa katika Afrika. Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji, kama Mlimwa, ni mabaki yaliyostahimili wakati ardhi iliyovizunguka ikiliwa na mvua na upepo. Mwanafunzi akisimama chini ya vilima hivyo ataona mwamba ukibanduka maganda maganda mfano wa kitunguu, kwa sababu ya kutanuka na kusinyaa kwa joto la mchana na baridi ya usiku, na kwa maji yanayopenya kwenye nyufa. Picha ya kitabuni haimwonyeshi jambo hilo kwa ukamilifu.

Safari yenyewe ya kwenda Dodoma ni sehemu ya mafunzo. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme husafiri kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda wa saa nne hivi. Wanafunzi wanaweza kugawana madirisha, na kila baada ya dakika 15 wakaandika wanachokiona: rangi ya udongo, aina ya miti, mazao, nyumba na mifugo. Watakapopanga maandishi yao kwa mfuatano watakuwa wamechora mstari mmoja unaoanza kwenye minazi ya pwani, ukapita chini ya Uluguru, ukapenya milima ya Kilosa na kuishia kwenye mibuyu na miiba ya Ugogo.

Maji yanayogawika njia tatu

Jambo ambalo watu wengi hawalifahamu ni kwamba maji ya mvua ya mkoa wa Dodoma huenda njia tatu mbali mbali. Upande wa magharibi, mto Bubu unaotoka milima ya Kondoa huishia katika mbuga ya Bahi. Maji hayo hayafiki bahari yoyote. Hukauka kwa jua na kuacha chumvi, ambayo watu wa huko wameichota tangu zamani, na pale penye maji ya kutosha hulimwa mpunga.

Upande wa kusini, maji huingia katika bonde la Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera, lililojengwa katika miaka ya 1970. Bwawa hilo huhifadhi maji kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Mtera na ya Kidatu, na mto huo hatimaye huungana na Rufiji. Unguja imeunganishwa na umeme wa bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na waya mwengine mkubwa zaidi ulikamilika mwaka 2013. Kwa hiyo, mvua ikikosekana katika bonde la Ruaha, khabari hiyo inamhusu pia mwenye kuwasha taa Mji Mkongwe.

Upande wa mashariki, vijito vya Hombolo na maeneo ya jirani huingia mto Kinyasungwe, ambao hushuka Gulwe, ukawa Mkondoa unaopita Kilosa, na mwisho ukawa Wami. Mto Wami humwaga maji yake baharini kaskazini ya Bagamoyo, karibu na Saadani, ukitazamana na kisiwa cha Unguja. Udongo unaobebwa na mvua kutoka mashamba ya Ugogo unaweza kuishia katika bahari hiyo hiyo ambayo wavuvi wa visiwani hutegemea. Reli ya zamani iliyofuata mto huo imeharibiwa mara nyingi na mafuriko. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata kati ya Kilosa na Gulwe.

Zoezi la wanafunzi hapa ni rahisi. Wachukue ramani ya skeli ya 1:50,000, wafuatilie mistari ya kimo, na wachore mpaka unaotenganisha maji yaendayo Bahi na yaendayo Wami. Baadaye wasimame juu ya mpaka huo wenyewe. Wengi watashangaa kukuta kwamba si mlima mkubwa, bali ni mwinuko mdogo ambao mtu huupita bila kuuona.

Udongo wa Kondoa

Kaskazini ya mkoa, katika milima ya Irangi wilayani Kondoa, mna mfano mkubwa wa mmomonyoko wa ardhi na wa juhudi za kuuzuia. Katika miaka ya 1920 na 1930 misitu ilifyekwa ili kupambana na mbung'o. Watu na mifugo wakaongezeka katika milima hiyo, na ardhi iliyobaki bila kifuniko ikachimbwa na mvua hadi kuwa na makorongo makubwa ya udongo mwekundu.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Matuta, mitaro na upandaji wa miti vilijaribiwa kwanza. Mwaka 1979 ikachukuliwa hatua nzito zaidi. Mifugo yote, inayokadiriwa kuzidi 80,000, iliondolewa katika eneo lililoharibika lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Majani na miti vilirudi kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia, na mchanga wa mabondeni ukapata kulimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakulima wakaanza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa ndani ya mabanda.

Hata hivyo, mwanafunzi asiishie kwenye sifa. Familia zilizotegemea mifugo zilipata hasara, na wengine walilazimika kuhamisha wanyama wao kwenye maeneo mengine ambayo nayo yalikuwa na uhaba wa malisho. Swali la nani alifaidika na nani alilipa gharama ni swali la jiografia kama lilivyo swali la kina cha korongo. Mzee aliyeishi Haubi wakati huo anaweza kulijibu vizuri zaidi kuliko kitabu, na mkulima wa leo anaweza kueleza kama ardhi ile imebaki salama.

Katika wilaya hiyo hiyo, Kolo na vijiji vya jirani, mna michoro ya miambani iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maeneo yenye michoro yanazidi 150, na yapo kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Wanyama waliochorwa humpa mwanafunzi nafasi ya kuuliza ardhi hiyo ilikuwa na mimea gani, na watu wawindaji waliishije kabla ya kilimo na ufugaji kuenea.

Somo la Kongwa

Ikiwa yupo anayeuliza kama mafunzo haya yana faida yoyote nje ya mtihani, jibu lake liko Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1946, Serikali ya Uingereza ikikabiliwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma wataalamu watatu kuchunguza uwezekano wa kulima karanga kwa wingi. Uchunguzi wao ulichukua wiki 9, na sehemu yake kubwa ulifanywa kwa ndege. Kutokana na taarifa yao ulibuniwa mpango wa kulima eka zaidi ya milioni 3, Kongwa ikiwa mahali pa kuanzia mwaka 1947.

Mashine zilizoletwa zilivunjika kwenye mizizi ya vichaka. Mvua ilipokoma, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu mfano wa saruji, hata karanga zikashindikana kuchimbuliwa. Mvua yenyewe ilikuwa haitabiriki. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kugharimu kiasi cha pauni milioni 36.

Mambo yote mawili yaliyouangusha mpango huo yangeweza kujulikana mapema. Wagogo na Wakaguru waliokuwa wakiishi pale walijua kwamba mwaka mmoja huwa na mvua na mwaka wa pili ukakosa, na ndiyo maana walitegemea uwele na mtama pamoja na ng'ombe. Ugumu wa udongo ungegunduliwa na mtu yeyote ambaye angechimba shimo wakati wa kiangazi na kulirudia wakati wa mvua. Mwanafunzi wa leo anaweza kufanya jaribio hilo kwa dakika chache. Atie udongo ndani ya chupa ya kioo, ajaze maji, atikise, kisha aiache itulie. Mchanga utatua kwanza, utafuatia udongo laini, na mfinyanzi utakaa juu. Unene wa kila tabaka utamwambia ardhi ile itakuwaje ikikauka.

Funzo la Kongwa ni kwamba mambo ya ardhi hayaamuliwi kwa kutazama karatasi peke yake. Wengi katika wanafunzi walioko skuli sasa watakuwa maofisa wa mipango, wahandisi, mabwana shamba na madiwani. Aliyewahi kuchimba shimo kwa mkono wake atauliza maswali kabla ya kutia saini.

Mji unaokua na maji yaliyo chini

Mwezi Oktoba 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma. Uhamisho ulikwenda polepole kwa miaka mingi, ukaharakishwa kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa Jiji. Kwa hesabu ya sensa, wakaazi wa eneo la Dodoma Mjini walikuwa 410,956 mwaka 2012. Mwaka 2022 idadi ya wakaazi wa Jiji ilifikia 765,179. Watumishi wengi wa Serikali wamehamia huko, na vijana kutoka visiwani husoma katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007.

Mji huo kwa miaka mingi umetegemea zaidi visima vya Makutupora, kiasi cha kilomita 30 kaskazini. Kina cha maji ya visima hivyo kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia kumbukumbu hizo za miaka 55, ulionyesha kwamba maji ya chini hayajazwi sawa sawa kila mwaka. Hujazwa zaidi katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño wa mwaka 1997 na 1998. Katika miaka mingine mingi kina hushuka tu.

Jambo hilo lina mafunzo mawili. La kwanza ni la matumizi: mji ulio mkubwa unatumia akiba iliyowekwa na mvua za miaka iliyopita. La pili linahusu kazi ya kuandika. Lau wale waliopima visima hivyo wangechoka na kuacha, hakuna ambaye angeweza kuligundua hilo baadaye. Daftari la vipimo linaloendelezwa ni mali ya umma.

Kazi zisizo na gharama

Si kila skuli itaweza kufika Dodoma, wala haihitajiki. Kazi zifuatazo zinaweza kufanywa mahali popote, bara na visiwani, kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani:

(a) Kupima mvua. Kopo lenye pande zilizonyooka huwekwa mahali pa wazi, na maji yake hupimwa kwa rula kila siku saa 3 asubuhi.

(b) Kupima mwinamo wa ardhi. Kipimapembe, uzi na kijiwe vinatosha kumpa mwanafunzi pembe ya kilima au ya paa.

(c) Kufuatilia korongo. Vigingi hupigwa umbali wa hatua chache kutoka ukingoni, na umbali hadi ukingo hupimwa kila mwaka baada ya mvua. Daftari hukabidhiwa darasa linalofuata.

(d) Kupima unywaji wa ardhi. Kopo lililotolewa ncha zote mbili hukandamizwa ardhini na kutiwa maji, kisha muda wa kunywea huhesabiwa. Jaribio lirudiwe chini ya mti, shambani na njiani.

(e) Kukusanya kumbukumbu za wazee. Katika Ugogo miaka ya njaa ilipewa majina. Njaa iliyofuatia Vita Vikuu vya Kwanza, pale ukame ulipokutana na uchukuzi wa chakula, ng'ombe na watu kwa ajili ya vita, iliitwa Mtunya. Majina kama hayo, yakipangwa kwa miaka, ni historia ya mvua kutoka wakati ambapo vipimo vilikuwa vichache.

Wanafunzi wa skuli mbili zilizo mbali, moja ya kisiwani na moja ya Ugogo, wanaweza kupima mambo yale yale na kubadilishana majedwali yao. Hata bila ya kusafiri, kila upande utajifunza ardhi ya mwenzake kwa vipimo vilivyochukuliwa na mikono ya vijana wa rika moja.

Wajibu wa wanaohusika

Mwalimu ana wajibu wa kuandaa swali na kufika mahali mapema kabla ya kuwaleta wanafunzi. Mzazi ana haki ya kuuliza swali hilo ni lipi kabla ya kutoa mchango wake, na akijibiwa vizuri, inafaa autoe bila kinyongo.

Watumishi wa Serikali nao wana sehemu yao. Ofisi za maji, kilimo, misitu, ardhi na hali ya hewa zinatunza vipimo na ramani ambazo mwanafunzi hawezi kuzipata kwengine. Ofisa anayetenga saa moja kuwaeleza wanafunzi namna kina cha kisima kinavyopimwa huenda akapata mrithi wa kazi yake. Inafaa vile vile maombi ya skuli yajibiwe kwa wakati, kwa kuwa korongo linaonekana vizuri baada ya mvua, na barua iliyokaa mezani hadi kiangazi imekwisha kuharibu kazi.

Usalama na adabu

Wakuu wa safari wanakumbushwa kwamba mito mingi ya uwanda wa kati huwa ni mchanga mtupu kwa miezi mingi, na watu huchimba visima humo. Mvua ikinyesha mbali milimani, maji huweza kufika ghafla ilhali hapo walipo wanafunzi jua linawaka. Hapaswi mtu kukaa wala kula ndani ya mto mkavu wakati wa msimu wa mvua. Kofia, viatu vya kufunika mguu na maji ya kunywa ni lazima. Kwenye bwawa la Mtera wanafunzi wasikaribie ukingo bila ya mwenyeji, kwa kuwa mamba na viboko wapo.

Kabla ya kuingia kijiji chochote ni wajibu kuripoti kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji. Wazee wasalimiwe na waombwe ruhusa kabla ya kuulizwa, na mashamba yasikanyagwe. Michoro ya Kolo isiguswe wala kumwagiwa maji ili ionekane vizuri kwenye picha, kwani maji huifuta kidogo kidogo, na mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964.

Mwisho, inapendekezwa kila skuli ianze na kazi moja iliyo karibu na lango lake, ikiwa ni kopo la mvua au kigingi cha korongo, na iiendeleze kwa miaka mitano mfululizo. Baada ya muda huo skuli itakuwa na kumbukumbu ambayo haimo katika kitabu chochote, na siku itakapoamuliwa pajengwe wapi, palimwe nini au pachimbwe kisima gani katika eneo lake, patakuwa na daftari la kufunguliwa.